Fundi aliyekwenda kuvitafuta viti vya kwenye ripoti

Saa mbili kasorobo asubuhi. Kiti cha magurudumu namba 388 kimepinduliwa juu ya meza ya mbao, miguu juu, na mwanamke mwenye mikono iliyokolea grisi anazungusha gurudumu dogo la mbele kwa kidole kimoja. Gurudumu linakwaruza. Anazungusha tena, anatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Beringi imekwisha," anasema. "Hii haiumwi tena. Hii imeshazikwa."

Mwenye kiti, mshonaji wa sare za shule, ameketi kwenye benchi karibu na mlango. "Fundi, nina sare arobaini za kumaliza kabla ya Ijumaa. Nihurumie."

"Nitakuhurumia nikishaandika."

Kabla hajagusa spana, anachukua kadi kutoka kwenye boksi la viatu na kuandika tarehe, namba ya kiti na kilichoharibika. Kisha anasukuma kiti chake mwenyewe kuelekea getini, umbali wa hatua kama arobaini. Kiti hicho amekiunga kwa mikono yake: fremu ya kiti kimoja, magurudumu ya kingine, kikalio cha kiti cha tatu.

Getini pana ubao mweusi mkubwa kama mlango, umetazama barabarani. Una mistari mitatu tu. Anafuta kwa kiganja, anaandika kwa chaki. Vinatembea: 452. Vimekufa: 81. Havijapatikana: 122.

Mlinzi anamsogelea, anasema kwa sauti ya chini. "Spana, leo kuna wageni kutoka kwa wafadhili. Wako njiani. Si ungesubiri waingie kwanza? Kufikia mchana utakuwa umeshakitengeneza."

"Nitakuwa nimeshakitengeneza."

"Sasa kwa nini uandike kimekufa?"

"Kwa sababu sasa hivi kimekufa. Muulize mwenyewe pale ndani kama anaweza kukipanda. Kikifufuka saa sita, nitaandika kimefufuka. Wageni wakitaka kuona ufufuo, wasubiri."

Mlinzi anacheka, anatikisa kichwa, anarudi kwenye kiti chake. Anajua hapo hakuna mjadala.

Spana ndilo jina analoitwa na kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi wateja wake. Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na moja amekuwa fundi katika karakana ya shirika moja linalogawa viti vya magurudumu bure kwa watu wasioweza kutembea. Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili, chakula, na ada ya binti yake kwa muhula mmoja kati ya mitatu. Mihula miwili iliyobaki anaihangaikia kwa kutengeneza baiskeli za majirani jioni.

Hesabu za ubao ule zimemgharimu. Zimemgharimu mshahara wa mwezi mzima, urafiki wa miaka mingi na, kwa muda fulani, kazi yenyewe. Ukimuuliza kama anajuta, anakuangalia kama vile umemuuliza kama anajutia kupumua.

Alipata polio akiwa na miaka mitatu. Mama yake alimbeba mgongoni hadi alipofikisha miaka tisa. "Mimi nilikuwa mzito kama gunia la chumvi, na mama alikuwa mwembamba kama ufagio," anasema. "Watu walikuwa wanashangaa nani kambeba nani."

Alipotimiza miaka tisa, wakaja watu wa shirika jingine, ambalo siku hizi halipo tena, wakampa kiti kipya kinachong'aa. Wakampiga picha. Baada ya miezi mitano gurudumu la mbele likachomoka. Hapakuwa na fundi, hapakuwa na kipuri. Kiti kikaingia uvunguni, na baada ya muda kuku akakifanya kiota.

Picha, hata hivyo, ilibaki ukutani kwenye ukumbi wa zahanati.

"Siku moja mama alinipeleka kutibiwa. Kanibeba mgongoni, jasho linamtoka, tukapita chini ya ile picha. Mimi nimekaa kwenye kiti, natabasamu. Chini wameandika kwamba sasa natembea." Anafuta mikono kwa kitambaa. "Kwenye picha nilikuwa natembea. Nyumbani nilikuwa natambaa. Wale watu walikuwa wameshanihesabu, wakafunga daftari."

Alitambaa miaka miwili. Aliyekitoa kiti uvunguni alikuwa mjomba wake, fundi baiskeli. Alimfukuza kuku, akafunga gurudumu la mkokoteni mahali pa lile lililochomoka, kisha akamketisha mpwa wake mbele ya kibanda chake. "Akaniambia, 'Kaa hapa unishikie spana.' Nikaishika. Sijaishusha mpaka leo."

Alipoajiriwa na shirika la sasa, jambo la kwanza alilolifanya ni kuanzisha kadi. Kila fremu ina namba iliyogongwa chini ya kikalio. Kila kiti kilichorudi karakanani kilipata kadi yake. Hakuna aliyemtuma. "Fundi asiyeandika anatengeneza kitu kilekile kila siku na kujiona hodari," anasema.

Miaka miwili iliyopita, karani wa ofisi alishuka karakanani na nakala ya ripoti ya mwaka, karatasi nzuri yenye rangi. Karani huyu ni mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miezi saba astaafu, anayechapa kwa vidole viwili na miwani puani. Aliisoma kwa sauti: viti 640 vimegawiwa, watu 640 wanatembea.

"Nikamwambia, soma tena," Spana anakumbuka. "Akasoma tena. Nikamwambia, dada, wanaotembea? Nani aliwatembelea akajua wanatembea?"

Karani alivua miwani. "Hakuna. Tunahesabu viti vinapotoka getini."

Siku hiyo Spana aliamua kuvitafuta.

Ilimchukua Jumamosi ishirini na mbili. Alianza na orodha ya kupokelea viti, akapiga simu, na pale ambapo simu haikupatikana alikwenda mwenyewe. Mahali pengine palikuwa na ngazi. Hapo alishuka kwenye kiti, akapanda kwa mikono, ngazi moja baada ya nyingine, akiwa na kadi zake mfukoni.

Alivikuta viti vingine vikitumika vizuri. Alikuta kingine kimekuwa stendi ya ndoo za maji. Kingine kilikuwa kimetolewa magurudumu na kilichobaki ni pahali pa kuanikia viatu. Alimkuta binti wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwa ametoka nje ya nyumba yao tangu beringi zilipokufa, mwaka na nusu uliopita.

"Yule binti aliniuliza, 'Shirika linajua?' Shirika lilikuwa limeshaandika kwamba anatembea."

Kufikia Jumamosi ya mwisho alikuwa amevipata viti 417. Kati ya hivyo, 238 vilikuwa vinatembea na 179 vilikuwa vimekufa. Vilivyobaki 223 hakuvipata: wenyewe wamehama, wamefariki, au namba ya simu ni ya mtu mwingine kabisa. Na kuna jambo jingine lililojitokeza kwenye kadi. Viti 131 kati ya vile 179 vilikuwa vimekufa kwa ugonjwa uleule mmoja, beringi za magurudumu ya mbele.

Alizipeleka kadi kwa mkurugenzi, mwanamume mpole wa miaka hamsini na kitu anayependa kuanza sentensi kwa "tuelewane". Mkurugenzi mwenyewe, alipozungumza na mwandishi wa makala hii, hakuificha ile siku.

"Nilimwambia tuelewane, hizi ni taarifa za ndani," anasema. "Nilimwambia wafadhili wakiona viti 179 vimekufa, tutafunga milango. Na nilimwambia, samahani kwa kusema hivi, funika kombe mwanaharamu apite."

Na yeye alijibu nini?

Mkurugenzi anatabasamu kwa shida. "Alisema, 'Bosi, kombe tumelifunika miaka tisa. Mwanaharamu hajapita. Amehamia.'"

Aliomba takwimu zile ziwekwe kwenye tovuti ya shirika na zibandikwe mahali pa wazi, ili waliopewa viti, waliotoa michango na jirani yeyote mwenye macho waone. Aliambiwa suala litajadiliwa. Wiki sita zikapita. Alipouliza tena aliambiwa litajadiliwa.

Jumatatu moja asubuhi, waliofika kazini walikuta geti limebandikwa karatasi kubwa nane kwa gundi ya unga. Ilikuwa orodha yote: namba ya kila kiti, hali yake na jina la mwenyewe.

Hapo ndipo Spana alipokosea, na yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja mama mmoja, mwenye kiti namba 205, amesukumwa na shemeji yake, hasira imempanda hadi kwenye kilemba. "Umenianika kama nguo!" alimpigia kelele mbele ya watu. "Sasa mtaa mzima unajua kiti changu hakina tairi. Na wanajua tairi limeuzwa na nani. Mume wangu hajarudi nyumbani tangu asubuhi!"

"Alikuwa na haki," Spana anasema. "Nilikuwa na hasira na ofisi, nikaumiza mtu asiye na kosa. Nilitaka kuwavua nguo wakubwa, nikamvua yeye. Nilishuka kwenye kiti, nikakaa chini, nikamwomba radhi palepale."

Alizibandua karatasi zote nane kwa mikono yake. Kesho yake zilikuwepo nyingine, zenye namba na hali ya kiti peke yake. Hakuna jina, hakuna mtaa. Karani ndiye aliyezichapa.

"Waliniita ofisini, wakaniuliza kwa nini nimetumia mashine ya shirika," karani, ambaye sasa amestaafu, anasimulia kwa kicheko. "Nikawaambia, hiyo ni kazi ya shirika, si mwaliko wa harusi. Nimebakiza wiki mbili. Mkitaka kunifukuza fanyeni haraka, la sivyo nitaondoka mwenyewe na mtalazimika kuninunulia zawadi."

Spana hakuwa na kinga hiyo. Alipewa barua: siku thelathini nje ya kazi, bila mshahara, kwa kutoa taarifa za shirika bila idhini na kwa kuanika majina ya watu. Shtaka la pili alilikubali kwa sahihi yake. Pembeni mwa la kwanza aliandika kwa kalamu: "Taarifa hizi si za shirika. Ni za waliokaa chini."

Ule mwezi ulikuwa mgumu. Dada yake mkubwa, muuza nguo za mitumba, ndiye aliyewalisha yeye na binti yake. Hakumlisha kimyakimya.

"Nilimwambia, wewe ungefunga mdomo tu, ungekufa?" dada anasema, akikunja mashati bila kuinua kichwa. "Wamekupa kazi, wamekuheshimu, unawalipa hivi? Shukrani ya punda ni mateke. Akanijibu, 'Dada, punda anapiga teke kwa sababu hana mdomo. Mimi ninao.' Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikampakulia chakula."

Siku ya nne ya adhabu ya Spana, mshonaji alifika getini pa shirika na kiti chake. Hakuingia. Alikaa mbele ya karatasi zile. Siku ya tano walikuwa watu saba. Wiki ya pili walikuwa zaidi ya thelathini, wengine kwenye viti vibovu vinavyoburutwa, wengine wamebebwa. Hawakuimba wala kupiga kelele. Kila aliyepita barabarani akauliza kulikoni, mmoja wao alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Tafuta 388," mshonaji alikuwa akisema. "Ndiyo mimi."

Yule mama wa kiti namba 205 naye alikuja. Spana aliposikia, anasema, alilia kwa mara ya kwanza katika sakata lote. "Alimwambia mlinzi, 'Jina langu sitaki. Namba yangu iacheni.'"

Bodi ya shirika ilikutana. Kura zilikuwa nne kwa tatu. Spana akarudishwa kazini, na takwimu zikaamriwa kuwekwa wazi kila baada ya miezi mitatu kwenye tovuti, katika jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua, kulikagua na kulipinga bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Bodi iliweka sharti moja: majina na makazi ya watu yasionekane. Ubao wa getini haukuwemo kwenye uamuzi. Huo aliutengeneza mwenyewe, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia autoe.

Ingekuwa hadithi tamu kama ingeishia hapo. Haikuishia.

Mfadhili mmoja mkubwa, aliposoma idadi ya viti vilivyokufa, alijitoa. Mafundi wawili wakapoteza kazi. Mmoja wao, aliyefanya kazi meza moja na Spana kwa miaka minane, hamsalimii hadi leo. Wakikutana njiani anavuka barabara.

"Simlaumu," Spana anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Ana watoto watatu. Mimi nilisema ukweli, yeye akalipa. Lakini niulize hivi: yule binti wa miaka kumi na tisa aliyekaa ndani mwaka na nusu, yeye alikuwa analipia nini? Kuna mtu alikuwa analipa siku zote. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa tunamwona."

Mfadhili wa pili alifanya kinyume. Aliomba jedwali lote, akampa mhandisi alisome. Mhandisi alihitaji siku moja tu kuona kile ambacho kadi zilikuwa zikikisema kwa miaka: beringi zile hazikufaa kwa vumbi na mashimo. Magurudumu ya mbele yakabadilishwa. Sasa ni makubwa zaidi, na beringi zake zimezibwa vumbi lisiingie na zinapatikana kwenye duka lolote la baiskeli. Kiti cha mshonaji ni miongoni mwa vichache vilivyokuwa bado na beringi za zamani.

Mwaka jana shirika liligawa viti vipya kumi na tano tu. Nguvu iliyobaki ilikwenda kwenye kufufua vya zamani. "Zamani tulikuwa tunatoa sabini kwa mwaka na kuzika vingine kimyakimya," Spana anasema. "Sasa ripoti yetu haina rangi nzuri, lakini ukiisoma unaweza kumpata mtu."

Mkurugenzi, kwa upande wake, hajifanyi kwamba alikuwa upande wa ushindi. "Niliogopa. Andika hivyohivyo," anasema. "Bado naogopa kila ninapopita kwenye ule ubao. Lakini siku hizi mfadhili akinipigia simu, sina haja ya kukumbuka nilimwambia nini mara ya mwisho."

Saa tano na nusu, kiti namba 388 kinashushwa mezani. Mshonaji anakipanda, anazunguka karakana mara mbili, anasimama ghafla, anageuka. Gurudumu halitoi sauti. Wageni, ambao wamekwisha kufika na kusomewa ratiba, wanamtazama kutoka dirishani.

"Sawa?" Spana anauliza.

"Sawa, fundi. Sema chochote nikulipe."

"Nilipe kwa kuja mwezi ujao nikikague. Ukipotea nitakuandika hujapatikana, na mkeo ataisoma namba yako."

Kuna mashirika mengine matatu yanayogawa viti katika mji huohuo. Mwaka huu Spana aliyaandikia yote barua, akiomba yaweke wazi viti vyao viko wapi na viko katika hali gani. Moja lilijibu na kutuma orodha yenye makosa mengi, ambayo sasa anaisahihisha pamoja nao. La pili lilijibu kwa mistari miwili: taarifa hizo ni za ndani. La tatu halijajibu.

Juu ya rafu, pembeni ya boksi la zamani, pana boksi jipya. Ndani yake mna kadi mia tatu tupu, alizozikata mwenyewe kutoka kwenye katoni za matairi. Ameshawapanga watu sita, wote wenye viti, na mshonaji ni mmoja wao. Wataanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nyumba kwa nyumba, kuvitafuta viti vya yale mashirika mawili yasiyotoa orodha.

Je, kama watawazuia?

"Wanizuie wapi? Mimi siendi ofisini kwao," anasema, akichukua chaki na kugeuza kiti chake kuelekea getini. "Naenda kwa watu. Mlangoni kwa mtu nabisha hodi, yeye ndiye anayesema karibu. Wao wana mwanasheria na geti. Mimi nina Jumamosi, na bado ni nyingi."